Idhinisha kwanza, ondoa baadaye, au funga mlango? Njia tatu za kuikinga jumuiya ya mtandaoni na kesi za kuanika watu

Mwanachama ameandika: "Huyu ndiye aliyemtukana mwenzetu jana. Anafanya kazi kaunta ya tatu, zamu ya usiku, na namba yake hii hapa." Chini yake watu wameshaanza kuweka alama za moto, na mmoja ameongeza picha ya gari lenye namba za usajili. Wewe ndiye msimamizi. Utakachofanya saa hiyo kitapimwa kisheria, ila matokeo yatategemea zaidi jinsi ulivyoipanga jumuiya yako kabla ya siku hiyo kufika.

Wasimamizi wengi hubaki njia panda kati ya mipango mitatu. Wa kwanza ni kupitia kila chapisho kabla halijaonekana. Wa pili ni kuruhusu watu waandike, kisha kuondoa kilichoripotiwa. Wa tatu ni kulifunga kundi, asiingie wala kusoma asiyealikwa. Hapa nazilinganisha njia hizo kwa vigezo vilevile. Ukishapokea barua ya madai au wito wa polisi, nenda kwa wakili. Makala haya yanamsaidia aliye bado kwenye hatua ya kupanga.

Nani anabanwa, na kwa lipi

Aliyeandika ndiye wa kwanza kubanwa, na siku hizi anabanwa kweli. Ujerumani iliingiza kosa la kuanika taarifa za mtu kwa namna ya kumhatarisha katika sheria yake ya adhabu mwaka 2021. Kifungo chake ni hadi miaka 2, au 3 kama taarifa hizo hazikuwa zikipatikana kwa umma. Ufaransa ilitunga kosa la aina hiyo mwaka huohuo, baada ya mwalimu Samuel Paty kuuawa Oktoba 2020 kufuatia kampeni ya mtandaoni iliyotaja jina lake na shule aliyofundisha. Adhabu ni kifungo cha miaka 3 na faini ya euro 45,000. Hong Kong imefika miaka 5 na faini ya dola milioni 1 za huko. Uholanzi ilianza kutumia sheria yake 1 Januari 2024, na Australia ikapitisha yake mwishoni mwa mwaka huo: hadi miaka 6, au 7 pale mtu anapolengwa kwa sababu ya rangi, dini au kundi jingine alilomo. Kenya ina kosa la unyanyasaji wa mtandaoni katika sheria ya mwaka 2018, lenye faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10.

Sheria hizi hazifanani hata kidogo kwenye suala la nia. Uholanzi hutaka ithibitishwe kwamba mtu alikusudia kutisha, kusumbua kwa kiwango kikubwa au kumkwamisha mwenzake kazini. Ujerumani inaangalia kama namna ya kusambaza ilifaa kumweka mtu hatarini. Kwa hiyo "nilikuwa natania" inaweza kumsaidia mtu Amsterdam na isimsaidie Berlin.

Kwa jumuiya na wasimamizi wake swali ni jingine: mlijua lini, na mlipojua mlifanya nini? Kwa maoni yangu, tofauti kubwa kati ya njia hizi tatu iko hapo. Ukiidhinisha kabla, unajua mapema. Ukisubiri ripoti, unajua baadaye. Ukifunga mlango, unajua pale tu mwanachama anapoamua kukwambia, na pengine asikwambie kabisa.

Vigezo

Nimetumia vitano. Cha kwanza ni sheria inavyokuona wewe mwenye jumuiya. Cha pili ni kasi, yaani muda ambao anwani au namba ya mtu inabaki hadharani. Cha tatu ni taarifa unazobaki nazo wewe mwenyewe, kigezo ambacho wengi hukisahau mpaka waumie. Cha nne ni mzigo kwa watu wanaosimamia. Cha mwisho ni nani anafaidika na njia hiyo.

Njia ya nne, ya kutofanya lolote na kuwaachia watu wamalizane, sikuihesabu. Marekani inaweza kukuacha salama mahakamani. Kwingine kwingi itakuweka pabaya.

## Njia ya kwanza: Kuidhinisha kabla

Sheria inavyokuona. Kuna hofu ya miaka mingi kwamba ukikagua unageuka mhariri, na mhariri hubeba lawama. Hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 1991 mahakama moja ya Marekani iliiona CompuServe, kampuni ya huduma za mtandaoni ambayo haikuwa ikikagua maudhui, kama msambazaji tu. Mwaka 1995 mahakama ya New York ikaiona Prodigy, iliyokuwa na kanuni na ukaguzi, kama mchapishaji anayewajibika. Aliyejitahidi akaadhibiwa, aliyelala akaachwa. Bunge la Marekani lilirekebisha hali hiyo mwaka 1996 kwa kifungu cha 230, ambacho kinamlinda mwenye jukwaa hata anapochuja.

Nje ya Marekani hofu hiyo nayo imepungua, ila haijaisha. Sheria ya kashfa ya Uingereza ya mwaka 2013 inasema kukagua peke yake hakumwondolei mwendesha tovuti utetezi wake. Sheria ya Huduma za Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, inayotumika kikamilifu tangu 17 Februari 2024, nayo inasema uchunguzi wa hiari unaofanywa kwa nia njema hauondoi kinga. Sawa. Lakini kinga ya kutafuta haifuti ukweli kwamba chapisho lilifika mbele ya macho yako, ukalisoma, ukabonyeza "idhinisha". Hapo kudai hukujua ni kazi ngumu.

Kasi. Kwa chapisho la wazi lenye jina, namba na anwani, hakuna njia inayoipita hii. Halionekani, halinakiliwi, halipigwi skrinshoti. Tatizo ni kwamba mtu haanikwi mara zote kwa mkupuo mmoja. Mmoja anaweka picha ya nyumba bila jina. Mwingine anauliza, "Hilo si lile jengo la nyuma ya kituo cha mafuta?" Wa tatu anataja jina la kwanza, wa nne la ukoo. Msimamizi aliyeidhinisha kila kimoja hakuona kosa, na kwa kila kimoja hakukuwa na kosa. Vikiunganishwa, mgeni anajua mlango wa kugonga. Anayepitia foleni ya machapisho mojamoja huwa haoni mazungumzo yakijengeka, na hapo ndipo ukaguzi wa kabla unapovuja.

Taarifa unazobaki nazo. Machapisho uliyoyakataa hayajatoweka. Yamekaa kwenye foleni au kwenye kumbukumbu ya mfumo: anwani, namba, picha za watoto, madai ya ugonjwa. Umezuia zisifike kwa umma, na wakati huohuo umejikusanyia ghala la taarifa nyeti za watu ambao hata hawajui kuwa jumuiya yako ipo. Weka muda wa kufuta, uandike, uufuate. Na punguza idadi ya wenye ruhusa ya kuona foleni. Msimamizi wa zamani aliyeondoka kwa hasira akiwa bado na nenosiri ni hatari kuliko mwanachama yeyote.

Mzigo. Mzito. Jumuiya ikikua, foleni inakua, watu wanalalamika kwamba machapisho yao yanachelewa, na wasimamizi waliochoka huanza kuidhinisha kwa macho nusu. Ukaguzi wa namna hiyo ni mbaya kuliko kutokagua, kwa sababu unaacha rekodi kuwa uliona.

Inamfaa nani. Jumuiya ndogo au yenye mada za moto: waliodhulumiwa na wenza, wafanyakazi wanaolalamikia waajiri, makundi ya kuonyana kuhusu matapeli. Pia jumuiya ya watoto na vijana. Inafaa hata kwa sehemu: unaweza kukagua machapisho ya wanachama wapya na picha pekee, mengine ukayaacha yapite.

## Njia ya pili: Kuondoa baada ya kuripotiwa

Sheria inavyokuona. Hii ndiyo njia ambayo sheria nyingi zimejengwa kuizunguka. Ulaya, mwenye jukwaa anayehifadhi maudhui ya wengine halaumiwi mradi hakujua, na alipojua aliondoa bila kuchelewa. Ripoti iliyoandikwa vizuri, inayoonyesha mahali chapisho lilipo na kwa nini ni haramu, inaweza kuhesabika kuwa sasa unajua. Australia imeenda kwa saa: kamishna wake wa usalama wa mtandaoni anaweza kuamuru unyanyasaji mkubwa dhidi ya mtu mzima uondolewe ndani ya saa 24. Hong Kong imempa kamishna wa faragha uwezo wa kuamuru taarifa zilizoanikwa ziondolewe.

Marekani ni dunia nyingine. Mwaka 1995 mtu asiyejulikana aliweka kwenye America Online matangazo ya fulana zilizokejeli shambulio la bomu la Oklahoma City, akaandika namba ya simu ya mtu asiyehusika kabisa. Simu za matusi na vitisho vya kuuawa zikamiminika, kuna wakati karibu kila dakika 2. Mhusika alikuwa akiitumia namba hiyo kwa biashara, kwa hiyo hakuweza kuibadilisha hivihivi. Aliwaarifu America Online; tangazo likaondolewa, jingine likaibuka. Mwaka 1997 mahakama ya rufaa iliamua kwamba kampuni ina kinga chini ya kifungu cha 230 hata baada ya kuarifiwa. Msimamo huo bado ndio msingi wa sheria ya huko, ingawa una mianya: sheria iliyotiwa saini Mei 2025 inataka picha za utupu zilizowekwa bila ridhaa ziondolewe ndani ya saa 48 baada ya ombi halali.

Kwa hiyo anayenakili kanuni za jukwaa la Kimarekani neno kwa neno, huku wanachama wake wako Nairobi, Dar es Salaam au Paris, amenakili na kinga ambayo hana.

Je, kuondoa haraka kunatosha? Ulaya imejibu zaidi ya mara moja kwamba si lazima. Katika kesi ya Delfi dhidi ya Estonia, iliyoamuliwa na Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mwaka 2015, tovuti ya habari iliondoa maoni ya chuki siku ileile ilipoandikiwa na wakili. Ilipoteza hata hivyo, kwa sababu maoni hayo yalikuwa yamekaa wiki 6 na uharamu wake ulionekana bila kuhitaji kuambiwa. Fidia ilikuwa euro 320, kiasi kidogo, lakini kanuni iliyotoka ni kubwa. Mahakama ilitahadharisha kwamba haikuwa ikizungumzia majukwaa ya mijadala ambako wanachama huzungumza mada zozote bila mwenye jukwaa kuchangia maudhui. Jumuiya nyingi zitashika hapo.

Kesi nyingine inauma zaidi. Nchini Romania mtu aliweka kwenye tovuti ya matangazo tangazo la uongo kwamba mwanamke fulani anauza huduma za ngono, pamoja na picha zake na namba yake ya simu. Kampuni ya Russmedia, yenye tovuti hiyo, ililiondoa chini ya saa moja baada ya kuarifiwa. Kufikia hapo tovuti nyingine zilikuwa zimeshalinakili. Mwezi Desemba 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwenye soko la mtandaoni anawajibika kama mdhibiti wa taarifa zilizomo kwenye matangazo, yaani anayeamua zitumike kwa nini na vipi, na kwamba anatakiwa kutambua matangazo yenye taarifa nyeti kabla hayajachapishwa. Kinga ya mhifadhi wa maudhui haikumwokoa. Kesi ilihusu soko la matangazo, na kuipachika kwa kila kundi la mjadala ni kuruka hatua. Hata hivyo, mwenye jumuiya iliyo na ukurasa wa "natafuta" na "nauza" asiisome akiwa ameegemea kiti.

Kasi. Hutegemea mtu mmoja: anayeripoti. Jiulize swali la kukera: aliyeanikwa akiwa si mwanachama, ataripotije? Nimeona jumuiya zenye kitufe kizuri cha kuripoti ambacho huwezi kukibonyeza bila kwanza kufungua akaunti, kuthibitisha barua pepe na kukubali kanuni. Mwathirika anayepigiwa simu za vitisho hana muda huo. Anwani ya barua pepe iliyo wazi kwa yeyote, inayosomwa usiku na mwishoni mwa wiki, inapunguza hatari kuliko kurasa kumi za kanuni.

Taarifa unazobaki nazo. Mbili, na zote nyeti. Kwanza jina la aliyeripoti. Usilipeleke kwa aliyeandika. Kumwambia "fulani amekulalamikia" ni kuanika mtu wa pili. Pili ushahidi. Ukifuta kila kitu papo hapo, polisi au mahakama wakija hakuna cha kuonyesha, na mwathirika anabaki na skrinshoti inayobishaniwa. Ficha kwanza, hifadhi nakala yenye saa, tarehe na akaunti iliyoandika mahali wanapofika watu wawili tu, kisha weka tarehe ya kuifuta. Ulaya huduma ya kuhifadhi maudhui inayopata shaka ya kosa linalotishia uhai au usalama wa mtu inatakiwa kuarifu vyombo vya sheria.

Mzigo. Mwepesi siku za kawaida, mkubwa siku ya dhoruba. Ongeza ripoti za hila: watu huripoti ukosoaji halali kwa jina la "taarifa binafsi". Jina la mbunge na alichokisema bungeni havilingani na anwani ya nyumba yake. Kama hujaandika mapema mpaka uko wapi, utaamua kwa presha ya anayelalamika kwa sauti kubwa.

Inamfaa nani. Jumuiya kubwa, ya wazi, yenye mada za kawaida, na yenye angalau watu wachache wanaopokezana zamu. Msimamizi mmoja anayelala usiku kama watu wengine aifikirie mara mbili.

## Njia ya tatu: Kufunga mlango

Sheria inavyokuona. Watu huipenda kwa dhana kwamba cha ndani ni cha ndani. Sheria za ulinzi wa taarifa za Ulaya na Kenya huyaacha nje matumizi ya mtu binafsi ya kifamilia au nyumbani, na hapo ndipo dhana hiyo inapojiegemeza. Lakini mpaka wake ni mwembamba. Mwaka 2003 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilishughulikia kesi ya mama mmoja wa Uswidi aliyejitolea kanisani. Alikuwa ametengeneza ukurasa wa waumini, akawataja wenzake, akaweka baadhi ya namba zao za simu, na akaeleza kwa mzaha wa upole kwamba mmoja ameumia mguu na yuko nusu kazi, nusu likizo ya ugonjwa. Hakuwa na chuki na mtu. Mahakama ilisema kuweka hayo kwenye intaneti, yakafikiwa na watu wasio na idadi, si jambo la nyumbani, na mguu ulioumia ni taarifa ya afya.

Kundi la ndugu sita liko mbali na hapo. Kundi la watu elfu tatu ambalo yeyote akiomba anaingizwa liko karibu sana, hata kama lina kufuli kwenye picha yake.

Upande wa jinai, kufuli husaidia hata kidogo zaidi. Sheria ya Ufaransa inagusa kufichua, kusambaza au kupeleka taarifa kwa njia yoyote ile. Ya Uholanzi inagusa hata kumpatia mtu mwingine.

Wapo waliopata afueni. India, Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2021 na ya Kerala mwaka 2022 zilisema admini wa kundi la WhatsApp habebi kosa la jinai la mwanachama kwa sababu tu ni admini, isipokuwa walikuwa na nia moja. Linganisha na Ufaransa, ambako mwanasiasa Julien Sanchez alitozwa faini kwa maoni ya chuki ya watu wengine aliyoyaacha kwenye ukurasa wake wa Facebook uliokuwa wazi kwa wote. Mwaka 2023 Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya liliona uhuru wake wa kujieleza haukuvunjwa. Admini wa WhatsApp hawezi kukagua ujumbe kabla, na mahakama za India zililizingatia hilo. Mwenye ukurasa wa wazi ana uwezo zaidi, naye anadaiwa zaidi.

Kasi. Hapa njia hii ni dhaifu kuliko zote. Aliyeanikwa hayumo, haoni, hana wa kumwambia. Wanachama wanajuana, na anayeripoti anaogopa kuitwa msaliti. Kinachotoka hutoka kama skrinshoti, na kikitoka kimeshachelewa: huwezi kukiondoa, na jina la kundi lako liko juu ya picha. Faida ipo pia. Wasomaji ni wachache, na kama umewachuja vizuri, anayeweza kwenda kugonga mlango wa mtu hayumo.

Taarifa unazobaki nazo. Hapa pana hatari ambayo haizungumzwi vya kutosha: kundi lenyewe ni chanzo cha kuanikwa. Katika makundi mengi ya simu kila mwanachama anaona namba za wote. Jumuiya ya wagonjwa, ya waliotoka kwenye dini, au ya waliodhulumiwa inamweka kila mmoja wao mikononi mwa mwenzake mmoja mwenye kisasi.

Kinachofuata ni uchujaji. Ili kuhakikisha asiingie mpelelezi, wasimamizi huomba picha ya kitambulisho, anwani, hata picha ya uso. Zikivuja, wewe ndiye uliyevujisha. Kanuni ya ulinzi wa taarifa ya Ulaya inatoa saa 72 za kuiarifu mamlaka ya usimamizi tangu ulipojua uvujaji wenye hatari kwa watu, na Kenya nayo imeweka saa 72. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na tume ya kuisimamia. Faini ya juu ya Ulaya ni euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya mwaka ya dunia nzima, chochote kilicho kikubwa. Kundi dogo halitafika huko, lakini madai ya fidia kutoka kwa mtu mmoja yanaweza kulimaliza. Ushauri wangu ni mfupi: kitambulisho ukikiona, usikihifadhi.

Mzigo. Mkubwa mlangoni, mdogo ndani. Kazi inayopuuzwa ni ya kuwatoa walioacha kushiriki.

Inamfaa nani. Watu wachache wanaofahamiana au wanaolindwa na usiri wao wenyewe. Kwa jumuiya inayotaka kukua, mlango utafunguka wenyewe taratibu, na siku moja utakuwa na kundi la wazi linalojiita la siri.

## Ambapo njia yoyote haikuokoi

Zote tatu zinaanguka pale msimamizi anapojiunga. Ukiandika "Nani anajua anapoishi?", ukabandika chapisho juu ya kundi, au ukaunda uzi wa "tuwatambue", umetoka kwenye nafasi ya mwenye jukwaa na umeingia kwenye ya mshiriki. Hata Marekani kinga ina kikomo hapo: mwaka 2008 mahakama ya rufaa ilikataa kuipa Roommates.com, tovuti ya kutafutia wa kuishi nao nyumba moja, kinga kwa maswali ambayo tovuti yenyewe iliwalazimisha watumiaji kuyajibu.

Na wanaotambua hukosea. Baada ya milipuko ya Boston Marathon mwaka 2013, watumiaji wa Reddit walimtaja mwanafunzi aliyekuwa amepotea kuwa mshukiwa. Hakuhusika, baadaye ilijulikana kuwa alikuwa amefariki, na familia yake ilikuwa imeandamwa wakati ikimtafuta. Reddit iliomba radhi hadharani. Ukimwanika mtu asiye mwenyewe, juu ya kosa la kuanika panaongezeka kashfa.

Matapeli ndio mtihani halisi, kwa sababu kuonya wenzako ni jambo jema. Mimi ningeruhusu jina la biashara, namba iliyotumika kutapeli, na maelezo ya kilichotokea yenye tarehe. Nisingeruhusu nyumba, mwajiri, ndugu au picha za watoto. Namba ya simu nayo hurudi sokoni ikapewa mtu mwingine, kwa hiyo onyo la namna hiyo liwe na tarehe ya kufutwa.

## Kulingana na hali yako

*Uko peke yako na jumuiya ni ya wazi.* Usichukue njia ya pili tupu. Kagua wanachama wapya na picha, mengine yaache, na weka barua pepe ya kuripoti inayofikika bila akaunti. Usiku zima uwezo wa kuweka picha kama mfumo unaruhusu.

*Mna timu na maelfu ya wanachama.* Njia ya pili, yenye zamu zilizoandikwa na kanuni ya "ficha kwanza, jadili baadaye" kwa anwani, namba na mahali pa kazi. Kosa la kuficha chapisho halali kwa saa tatu hurekebishika.

*Mna ukurasa wa matangazo au wa kutafuta watu.* Sehemu hiyo pekee iwe ya kuidhinishwa kabla, hasa kama mna watumiaji Ulaya.

*Wanachama wenyewe wako hatarini.* Njia ya tatu, kwenye programu isiyoonyesha namba za simu, majina ya bandia yakiruhusiwa, bila nakala za vitambulisho. Teueni mtu mmoja ambaye mwanachama anaweza kumwendea faraghani bila kundi zima kujua.

*Mna watoto.* Idhinisha kabla, bila ubaguzi kwa picha. Sare ya shule inatosha kumpata mtoto.

*Wanachama wako wametawanyika nchi nyingi.* Pangeni kwa kufuata sheria iliyo kali zaidi kati ya nchi mlizo na watu wengi. Sheria ya nchi ambako seva imewekwa si lazima iwe ndiyo pekee itakayowahusu.

*Tayari kuna chapisho sasa hivi.* Lifiche, hifadhi nakala, fungia uzi ili wengine wasiongeze vipande, mwarifu aliyeanikwa kama unaweza kumfikia bila kumweka hatarini zaidi, na kama kuna tishio la kumdhuru wapigie polisi kabla hujamwandikia aliyechapisha. Kuchagua njia kutasubiri kesho.